Nafasi ya Kumi na Tisa

Lang'ata, penye lango la wanyama yatima,
mashine ya bluu imesimama tangu enzi za soda ya chupa.
Inataka sarafu ya kale, ile nzito.
Shilingi ishirini mpya, iliyochorwa ndovu,
inaitema, nayo kazi yake ni kukupa ndovu.

Basi mimi hukusanya mara mbili.
Kwanza sarafu, kwa Mutheu muuza karanga,
aliyezificha katika mkebe wa mafuta;
ishirini ananiuzia kwa hamsini, macho makavu.

Kisha ngurumo. Vyuma viwili vinakumbatiana,
bomba linakohoa, harufu ya ndoo iliyoungua,
na mnyama anaanguka, bado wa moto.
Nampokea kwa leso, kama andazi.

Nyumbani wamepanga foleni juu ya friji:
faru mwekundu, chui asiye na doa hata moja,
twiga niliyemkunja shingo kwa pupa yangu.
Fundi wa televisheni aliuliza,
"Mna watoto wangapi?"
Hatuna.

Jana Barasa, mwenye funguo, alininong'oneza:
plastiki iliyobaki ni ya ndovu mmoja.
Nilikuwa na sarafu moja, imelowa jasho.
Nyuma yangu msichana wa sare ya kijani
alisukuma shilingi yake tunduni,
ikarudi, akasukuma, ikarudi.

Nilimpa yangu.
Akaungua vidole, akacheka.

Juu ya friji, pale pa kumi na tisa, hapana kitu.
Mke wangu, asubuhi hii,
amepapangusa vumbi pia.