Hakuna Kinachokitegemea

Szeged, Januari. Mto Tisza umeganda kingoni.
Gellért, fundi bomba mchana,
usiku anapanga nyumba isiyo na mlango:
mfumo wa kompyuta wenye watumiaji kumi na mmoja,
yeye akijihesabu mara mbili.

Programu zilirundikana katika saraka moja
kama viatu nje ya matanga.
Sasa kila moja ina chumba chake,
kihariri huku, mchezo wa nyoka kule,
na maktaba za pamoja sebuleni.

Ödön hakuzipenda za pamoja.
"Sufuria ya shirika haikosi kutoboka.
Kila programu ije na chungu chake."
Walibishana miaka sita.

Saa nane usiku mashine inauliza:
Kifurushi saa-ya-odon, toleo 0.3.
Hakuna kinachokitegemea. Nifute?

Anakifungua. Saa ya mishale, basi,
inayochelewa dakika nne
kama mwenyewe alivyochelewa kila mahali,
isipokuwa kufa.

Gellért anabonyeza Hapana.
Kisha anafungua orodha ya kiini,
ile ya vitu ambavyo bila hivyo mfumo hauwaki,
anaongeza mstari mmoja.