Daftari la Vipimo

Odell Pruitt. Kifua, inchi arobaini na mbili.
Mkono wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa nusu inchi.
Niliandika hivyo kwa penseli mwaka wa sabini na nne,
katika daftari linalonuka mafuta ya cherehani hadi leo.

Duka langu lilikuwa Barabara ya Tatu, magharibi ya Dayton,
limebanwa kati ya kinyozi na muuza viatu vya soli nene.
Walikuja saa kumi jioni, zamu imekwisha kiwandani,
vumbi la chuma lingali kwenye nyusi,
wanaume saba na Lurlene Mims:
“Dada Earlene, tushonee nguo ambazo hata kipofu ataziona.”

Nikashona.
Zambarau. Rangi ya chungwa lililoiva kupita kiasi.
Suruali bwanga zenye pindo la kumeza viatu,
na kola za Lurlene, pana,
ukumbini upepo ungeingia angepaa.

Usiku wa kwanza nilikwenda kukagua mishono tu.
Cleophus akahesabu mpaka nne,
kisha akaiangukia moja
kama mtu anayebwaga gunia la unga sakafuni:
tu!
Mbili, tatu na nne waligawana wenye njaa,
lakini moja ilikuwa ya wote,
na kila aliyepotea njiani
alijua pa kurudi.

Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Waliosema hawakuliona dole gumba la Odell
likizichapa nyuzi nne za besi
hadi glasi za kaunta zikaanza kutembea zenyewe,
na mchungaji Gaskins, aliyekuja kumtafuta bintiye,
akasahau alichokuja kutafuta.

Verdell naye na tromboni yake
aliingia pasipo na nafasi,
kama shangazi mnene kwenye benchi la kanisa,
na kila chombo kikasogea, kikicheka.
Wimbo wa pili suruali yake ikachanika nyuma.
Hakuacha kupuliza.
Akaegemeza mgongo ukutani, akacheza wima kama mlango
mpaka taa zikawashwa;
na Jumatatu vijana wa mtaa mzima
walikuwa wanacheza vile, wakidhani ni mtindo.

Nimecheka peke yangu hapa. Nisameheni.

Kiwanda kilifungwa. Zikaja mashine
za kupiga ngoma bila kutoka jasho.
Nguo zikaanza kurudi dukani:
punguza hapa, Earlene, ongeza pale,
na baadaye punguza tu.
Cleophus, moyo, akiwa kwenye foleni ya benki.
Lurlene, sukari; ilichukua mguu kwanza,
mguu uleule aliokuwa akiutupa mbele
kabla ya kufungua kinywa.
Sikuwahi kufuta jina hata moja.
Vipimo vya mtu si deni, havifutwi.

Februari hii, theluji ikiwa imefika dirishani,
mke wa Odell akaniletea lile koti la zambarau.
“Azikwe nalo,” akasema, “lakini atazama ndani yake.”
Nikalivaza tena miwani mbili, moja juu ya nyingine,
nikaingiza inchi nne kila upande.
Macho hayaoni vizuri, ila mguu unakumbuka:
kwenye kanyagio la cherehani uligonga moja,
ukangoja, ukagonga moja,
na sindano ikajaza mengine yote.
Mkono wa kulia sikuugusa.
Nusu inchi yake ameondoka nayo.

Verdell bado yupo. Themanini na moja, masikio yote ya betri.
Jana alipiga simu, akipiga kelele kama yuko jukwaani,
kuuliza kama ile suruali yake
imeshapona.