Simba wa Saruji

Zofka alirudi kutoka soko la Sežana na simba.
Si wa jiwe. Wa saruji, kamiminwa kwenye kalibu kama keki,
mshono umemkata ubavu mzima,
manyoya tambi, meno yamepakwa chokaa.
"Yuro thelathini na tano," akasema,
"na muuzaji kanipunguzia tano."
Nikanyamaza.

Miaka arubaini na mmoja nimekula vumbi la machimbo.
Vizingiti vya nusu ya Kras nimevichonga mimi,
na mdomo wa kisima cha kanisa,
na jina la mama yake Zofka juu ya kaburi,
herufi kwa herufi, bila kutoza senti.
Jiwe nalijua kwa mlio: ukiligonga likaitika
kama kengele, ni zima; likikohoa, achana nalo.
Simba yule nilimgonga kwa ukucha.
Hakusema kitu.

Akamweka langoni, uso barabarani,
ili Vekoslav akipita na trekta apunguze mwendo.
Vekoslav akapunguza. Akavua kofia, akamwamkia:
"Habari za Afrika?"
Tulisikia kicheko chake mpaka kona ya pili.
Kesho yake nikaanza kujenga ukuta.

Nilisema ni wa kukinga burja, upepo ule
ushukao milimani bila hodi na kuondoka na vigae.
Zofka alijua ni wa kukinga nini.
Ukuta mkavu, bila saruji hata kijiko:
moja juu ya mawili, mawili juu ya moja,
makubwa chini, bapa juu, vijiwe vya kukazia katikati.
Wasemao usipoziba ufa utajenga ukuta
hawajapata kujenga ukuta huu.
Hapa ufa ndio uti wa mgongo: upepo hupenya,
hunong'ona, huenda zake. Uzibe,
na majira hayageuki ukuta haujalala chali.

Ulipomfikia simba kidevuni
Zofka alitoka na vikombe viwili vya kahawa.
Kimoja akakiweka juu ya kichwa cha simba,
kingine akanywa mwenyewe.
"Chako hicho," akasema. "Mwombe akupe."

Januari burja ilivuma siku nne. Tulilala na makoti.
Siku ya tano ukuta umesimama,
simba kalala kifudifudi, sikio la kushoto halipo.
Zofka alilitafuta kwenye theluji
hadi vidole vikawa rangi ya figili.
Hakulia. Zofka halii, huosha vyombo visafi.

Usiku nikashuka karakanani.
Palikuwa na kipande cheupe, masalio
ya jiwe la mama yake. Nilikuwa nimekihifadhi, sijui kwa nini.
Niseme kweli: sikio ni gumu.
Malaika nimechonga, ndevu za watakatifu nimechonga,
sikio la mnyama sijawahi.
Nikamwasha paka taa usoni, nikamtazama mpaka akanichoka.
Kabla ya alfajiri nilikuwa nimeligandisha.
Zofka akapitisha kidole mara moja,
akaingia ndani, akakaanga mayai.
Manne.

Kisha Machi. Natoka na jembe, na ukuta wangu
unamwaga rangi: krokasi za zambarau
kwenye kila ufa wa upande wa jua,
primula njano chini ya mawe ya msingi,
na nargisi tatu, nne, zimemzunguka simba
kama watoto waliokatazwa kumgusa.
"Umevipanda lini vitunguu hivi?"
"Oktoba. Ukilala mchana.
Kwa kijiko cha chai."

Oktoba. Mwezi mzima ule
hatukusemezana ila kwa habari ya chumvi.

Jana nimeshusha safu mbili za juu,
polepole, nisiguse mizizi.
Simba sasa anaona barabara.
Mvua ikinyesha mwili wake wote huwa mweusi,
sikio hubaki jeupe.
Bado sura yake mbaya.