Kilo Sita na Robo

Katika duka la Barabara ya Sita
kigari kilisukumwa juu ya vigae,
kikateleza kama kipande cha sabuni ndani ya beseni.
"Ona," alisema muuzaji, "kidole kimoja tu!"
Akakisukuma kwa kidole, kikaenda, kikarudi,
kikasimama mbele yangu kama mposaji.

Nikamwambia: kwetu Nkuhungu
vigae vinaishia kizingitini,
na kizingiti chenyewe ni cha jirani.
Kuanzia hapo ni mchanga,
ule unaomeza kandambili leo na kuitapika kesho,
kisha korongo, kisha mbigili
zisizotofautisha tairi na unyayo.
Naomba nikijaribu nje.
"Ukikivusha mlango, mama, umeshakinunua."
Nikamwachia kigari chake, na kidole chake.

Sikutafuta fahari.
Nimepasuliwa mara mbili katika miaka mitatu.
Daktari aliandika: asibebe kizito,
akasahau kuandika nani atabeba.
Nilifungwa mbeleko nikiwa na miaka saba,
wadogo zangu wote wamelala hapa nyuma
nikienda kisimani Mvumi na kurudi.
Mgongo siusingizii. Umechoka tu,
kama mtu anavyochoka, bila ugomvi.

Sabasaba, upande wa mitumba,
vigari vililala ubavu kama mbuzi wa mnada.
Kimoja kilikuwa na kishikio cha kikombe cha kahawa
na hakikuwa na breki.
Kingine kizuri, cha zambarau,
magurudumu kama vifuniko vya soda:
hicho kingefia kwenye mchanga wa kwanza.
Cha tatu kilikunjwa, kikagoma kukunjuka,
tukakiacha na siri yake.

Cha nne kilikuwa na sura mbaya.
Magurudumu matatu mapana, mpira mgumu usiojazwa upepo
(mbigili, karibuni),
kitambaa kimefubaa upande mmoja tu,
upande uliokuwa ukipigwa na jua
kwenye dirisha la nchi nisiyoijua.
Katika upindo wa kiti nikakuta kifungo cha bluu.
Kuna mtoto mahali fulani, labda sasa ana masharubu,
ambaye koti lake halikufunga.

"Wako ana kilo ngapi?" aliuliza Mlewa, mwenye mali.
Sita na robo. Kadi ya kliniki hii hapa.
Akamwita jirani yake, mama Peresi wa karanga:
pima sita na robo, tunaazima tu.
Wakazimimina mfukoni, wakazifunga mkanda,
nami nikazisukuma karanga Sabasaba nzima,
mchangani, juu ya mawe, ukingoni mwa mtaro,
upepo wa mwezi wa nane ukinijaza vumbi menoni.
Mama mmoja akainama, akachungulia, akajikaza:
"Hongera. Kafanana na baba yake."
Nikamshukuru.

Breki ilishika. Kinavuta kushoto kidogo,
nami navuta kulia, tukaelewana.
Themanini ikashuka hadi hamsini na tano,
pamoja na mia tano ya karanga zilizomwagika.
Peresi hasamehi karanga.

Usiku ule Nyemo alilia alipolazwa ndani yake,
akalia kwa haki, kama mpangaji aliyehamishwa.
Gurudumu la mbele likaanza kwii, kwii, kwii,
hadi kwenye genge la Yeremia na kurudi,
hadi kope zake zikawa nzito, zikafunga.

Mume wangu hapendi kitu kinacholalamika.
Alileta mafuta ya cherehani,
akawasha taa ya simu, akapiga goti,
matone mawili, akafuta kwa kanga yangu,
akasukuma.

Kimya.
Kimya kabisa, kama juu ya vigae.

Nyemo akafumbua macho.