Herufi Iliyofumba Mdomo

Hospitali yetu ina vitanda kumi na vinne
na mfamasia wa Jumanne na Ijumaa.
Siku zilizobaki ufunguo wa stoo ya dawa
huning'inia shingoni mwangu.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne za usiku.
Theluji ya Nebraska ilikuwa imemeza barabara,
na daktari aliandika amesimama, koti begani,
akakimbilia chumba cha mama mwenye uchungu.

Insulini, 10U.

Mkono wa haraka. U ikafumba mdomo,
ikawa sifuri.
Nikasoma mia.

Nikavuta. Bomba likajaa mpaka ukingoni
kimiminika kisicho na rangi wala onyo.
Mzee Leland Vodehnal alikunja shati lake la flaneli
huku akinieleza habari za mtamba wake anayekaribia kuzaa,
kisha akanyamaza, akatazama.
"Mbona leo imejaa? Nyumbani haifiki hata robo.
Mimi nachoma ndama, binti. Bomba lililojaa nalijua."

Nilirudi na karatasi, nikaisogeza dirishani
penye mwanga wa taa ya maegesho.
Kumi.
Nikaketi sakafuni kati ya mashuka safi.

Kosa moja haliachi mke, husemwa.
Aliyesema hakuwa ameshika bomba lile.

Hakuna aliyeona ila mzee, naye alikwisha sinzia.
Ningeweza kunyamaza.
Nimewahi kunyamaza, mara mbili.
Safari hii niliandika, jina langu chini,
Ardith Kucera, muuguzi, zamu ya usiku.

Ijumaa akaja Pospisil, mfamasia,
viatu vikidondosha theluji juu ya sakafu niliyopiga deki.
Alisoma mara mbili. Nikasubiri barua ya kufukuzwa.
Akainua macho darini:
"Taa hii imekufa tangu lini?"
Tangu Oktoba.
"Na usiku mko wangapi?"
Mimi.
Akaandika hayo. Hakuuliza kwa nini mimi ni mjinga.

Sasa kuna balbu.
Sasa, kabla ya kila insulini, nampigia Joyleen,
muuguzi wa hospitali iliyo maili sitini kutoka hapa;
naliinua bomba mbele ya simu,
naye, akitafuna tufaha lake, anasoma mstari kwa sauti.
Upepo ukikata mtandao, nangoja.
Mgonjwa analalamika. Nangoja.

Na U pekee hairuhusiwi tena.
Daktari hununa; huandika neno zima
kwa kalamu inayokaribia kutoboa karatasi:
yuniti.

Herufi sita. Nazihesabu kila usiku.
Ya pili ni ileile,
mdomo wazi,
ila sasa ina majirani wa kuichunga.