Waya wa Mita Kumi

Kompyuta ilikaa chumbani kwangu, Kuze, ghorofa ya pili.
Runinga sebuleni.
Baina yao korido, kabati la vyombo vya arusi,
na mamangu.

Nilipima njia kwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole:
ishirini na moja.
Muuzaji wa Mwembe Tayari akaniuliza,
"Wa mita mbili hautoshi?"
Ungetosha, nikamwambia, lau nyumba yetu ingekuwa ya mita mbili.
Akacheka, akapunguza shilingi hamsini.

Nikaupitisha chini ya mkeka, nyuma ya kabati,
juu ya kizingiti, nikaubana
kwa misumari midogo ya fundi viatu.
Mama akauvuka kama avukaye maji ya mtaro.
"Atakayejikwaa hapa, Hidaya,
nitamzika na huu waya wako."

Runinga ni yake. Aliinunua kwa pesa za mchezo,
mchezo wa kina mama, zamu ya kumi na moja,
na leo mimi nataka kuitia mchezo wa namna nyingine.
Juu yake kitambaa alichokifuma mwenyewe,
pindo limening'inia hadi kwenye paji la msoma habari.

Tundu la kwanza lilikuwa limeliwa na chumvi ya hewa.
La pili likashika.
Kioo kikaandika: *Hakuna mawimbi.*
Kisiwani hapa, kikaniambia hakuna mawimbi!

Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka.
Picha ikaja, pembe zote nne zimekatwa,
ikaja bila sauti.
Sauti ilikuwa imebaki chumbani
inapigana peke yake gizani.

Hayo niliyaweza.
Lililonishinda ni hili: nabonyeza kushoto,
na mpanda pikipiki wangu afikiri kwanza,
kisha ageuke,
akiwa tayari yuko ukutani.
Si muda mrefu. Robo ya robo ya sekunde.
Kibwana, mtoto wa jirani, akatoa kaimati mdomoni:
"Dada Hidaya, umezeeka?"

Nikampigia Twalib, Doha.
Ndiye aliyeniletea kadi ya picha mwaka jana,
imefungwa ndani ya soksi tatu, mkononi mwa msafiri.
Nikamweleza. Akanyamaza kidogo,
ndivyo zilivyo simu za kule, kisha akasema:

"Ingia kwenye mipangilio, tafuta hali ya mchezo.
Hicho kioo si kivivu.
Chachelewa kwa sababu chapamba.
Kila picha ikiingia, chaiosha, chaipaka wanja,
ndipo chakuonyesha.
Kiambie kiache."

Nikakiambia.
Rangi zikapoa. Anga ikawa kama shuka iliyofuliwa sana,
na shavuni mwa mpanda pikipiki
zikatokea chunusi nisizozijua.
Lakini kidole changu na mkono wake
vikawa kitu kimoja. Kona ya kwanza akaikata,
ya pili, ya tatu. Kibwana akapanda juu ya kochi na viatu.

Mama akaichukua simu, akaitia spika.
"Mwanangu, kazi yaendaje?"

Kimya. Si kirefu.

"Nzuri, mama. Alhamdulillahi."

"Chakula wala?"

Robo ya robo.

"Nala, mama. Nala sana."

"Na ule mguu?"

Nilikuwa nimeshika rimoti.
Nikaitazama ile simu kiganjani mwa mamangu,
kioo chake chenye ufa, kitufe kimoja tu ubavuni,
nikikitafuta kitu ambacho hakikuwekwa pale.

"Umepona kabisa, mama."

Alipokata, mama alikaa na simu mapajani.
"Laini yenu mbovu," akasema, si kwangu.
Kisha akainuka, akakipandisha kitambaa chake juu kidogo
pindo lisizibe kioo,
akarudi, akamwambia Kibwana avue viatu, akakaa.

"Haya. Huyo wa pikipiki ni nani,
na yuwenda wapi?"