Mtande na Mshindio

Łódź haina bahari.
Ina matofali mekundu, mabomba marefu yasiyotoa moshi tena,
na mimi, ghorofa ya nne,
na lita mia moja na themanini za maji ya chumvi
niliyoyakoroga mwenyewe kwa mwiko wa kiwandani.

Miaka thelathini na mmoja nilitia vitambaa rangi.
Kiwanda kilipofungwa, kila mmoja wetu alipewa saa ya ukutani.
(Yangu hukimbia.)
Macho hawakuyachukua.
Ndiyo maana Dobrosław, kijana wa dukani,
akiinua kifuko kwenye taa na kusema,
"Huu hapa mwani mwekundu, Bi Wiesława,"
namuuliza: mwekundu upi?
Wa damu ya mzee,
au wa kucha iliyobanwa mlangoni?
Maana kuna chanikiwiti inayopiga kelele,
na ukiilaza jirani na huo wa kucha
zitagombana mpaka alfajiri.

Nilichukua aina tatu.
Wa zabibu: vipovu vyekundu juu ya kikonyo,
shanga zilizoukimbia uzi.
Wa sarafu: vibamba vya kijani, kiungo kwa kiungo,
unaokunywa chokaa bila kushiba,
hata kila Jumatano naupimia kalsiamu kwa bomba la sindano
kama anayemhudumia mgonjwa wa sukari.
Na wa tatu, wa majani mapana, unaotambaa.
Hapo Dobrosław alijikuna shingo.
"Huo ukiupa shubiri, utachukua pima."
Nikacheka. Niliwahi kuishi na mama mkwe miaka sita.

Wekundu niliuweka chini, ubavuni mwa jiwe,
kwa kuwa hauvumilii kutazamwa sana.
Sarafu juu, taa iziangukie.
Katikati nikaacha pengo la kiganja.
Pengo nalo ni rangi;
hilo hakuna fundi mgeni aliyewahi kunielewa.

Jirani yangu Teofila alikuja, akainama.
"Samaki yuko wapi?"
Hakuna. Samaki angeila kazi yangu.
Kuna konokono wawili, na kamba mmoja
ninayemlisha ili achafue maji,
maana maji safi kupita kiasi huunyima mwani chakula.
"Unalipa umeme," alisema, "kufuga uchafu."
Lakini alivuta kiti.
Chai yake ilipoa kwenye kikombe na hakuigusa.

Machi ikafika na theluji ya mwisho, ile chafu.
Ule wa kutambaa ulikwishavuka pengo,
ukatia vidole katikati ya zabibu.
Niliukata kwa mkasi wa cherehani, pole pole,
kisha kwa hasira.

Tramu ya saa kumi na moja na dakika kumi
hutikisa maji kila siku, ndiyo saa yangu ya kweli.
Asubuhi ile ilitikisa maziwa.
Majani yote mapana yalikuwa yamemwaga kijani chao usiku,
yakabaki kioo, maganda, majina bila watu.
Nilikijua kile cheupe:
kitambaa kilichosahauliwa ndani ya dawa ya kung'arisha,
na mtu wa zamu analala.

Ndoo kumi na moja nilibeba.
Mgongo haujanisamehe.

Maji yalipotulia, zabibu zilikuwapo, chache.
Sarafu zilikuwapo.
Na pale jiweni, palipokuwa pamefunikwa,
kitu nisichokinunua:
nywele fupi za zambarau iliyoingia weusi,
iliyotaka kuwa hudhurungi ikabadili nia.
Dobrosław alikuja na lenzi yake, akatazama sana.
"Sijui," alisema. Nikampenda kwa hilo.

Mwaka themanini na tatu tuliitafuta rangi hiyo
kwa mapazia ya jumba fulani la maonyesho.
Mapipa tisa. Tulikosea kwa tone,
sikujua la nini.

Nimeisogeza taa nusu shubiri kushoto.
Sijaongeza kitu kingine.
Teofila anasema tangi sasa limepwaya.
Namwambia akae upande huu.